Haki ya Aliyeshindwa

Katika kijiji chochote cha wilaya za Ikungi au Mkalama, mkoani Singida, ukitafuta mtu asiyehusiana na yeyote ili asikilize ugomvi wa shamba, hutampata. Mlalamikaji ni mkwe wa mjumbe huyu wa baraza. Mlalamikiwa aliwahi kumwazima mjumbe yule mbegu za alizeti. Mahari ya kijana anayetajwa kama shahidi ilichangwa na wazee wawili walioketi barazani. Undugu wa damu na wa ndoa ndio unaowawezesha watu wa Singida kuvuka mwaka wa mvua haba. Kwa hiyo anayedhani mgongano wa maslahi ni ugonjwa wa wezi wa mijini hajauelewa. Humkuta mtu mwema amekaa kitini kwake, kabla hajatenda lolote.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji isimamie ardhi kama mdhamini anavyosimamia mali ya wengine. Usuluhishi wa migogoro umeachiwa baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba, watatu wao wanawake, wanaopendekezwa na halmashauri na kuidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Wanatakiwa wawe watu wa heshima wanaozijua mila za ardhi za mahali hapo. Tunamchagua mtu kwa sababu mambo ya kijiji yanamhusu, kisha tunamtaka aketi kana kwamba hayamhusu. Hali ni hiyohiyo kwenye bodi ya chama cha ushirika wa mazao (AMCOS), ambako mjumbe ni mkulima anayeuza mazao yake kupitia chama hichohicho.

Tanzania imekwisha kujaribu majibu mawili. Azimio la Arusha la 1967 lilisema kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Tena likamhesabu kiongozi pamoja na mkewe au mumewe. Hapo TANU, chama kilichotoa azimio hilo, kiliona mbali, maana maslahi hayakai katika mfuko mmoja. Lakini hakuna azimio linaloweza kumvua mtu shemeji zake. Azimio la Zanzibar la 1991 lilipolegeza masharti hayo, likaja jibu la pili katika Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995: uwe nacho, ila ukitaje. Kiongozi hujaza tamko la mali na madeni yake, pamoja na mali za mwenzi wake na watoto wake wadogo. Ni hatua njema. Hata hivyo, tamko hilo halimuulizi mahari yake ilichangwa na nani.

Linalobaki ni hatua ya tatu, nayo ndiyo ngumu: kuinuka na kutoka nje. Wengi huikwepa kwa maneno ambayo mara nyingi husemwa kwa unyofu: “Ninajijua, nitatenda haki.” Mwamba ngoma huvutia kwake, hata asipokusudia. Lakini tuchukulie kwamba huyu mmoja kweli havuti. Bado nasema atoke.

Sababu ni aliyeshindwa. Aliyeshinda hana maswali. Anarudi nyumbani na shamba lake. Mwenzake anarudi na shamba lililopungua, na kitu pekee anachoweza kupewa badala yake ni uhakika kwamba ameshindwa na ushahidi. Ikiwa mmoja wa waliomsikiliza ni shemeji wa mpinzani wake, uhakika huo haupo, wala hakuna awezaye kumpa. Usafi wa moyo wa mjumbe hauna shahidi ila mjumbe mwenyewe. Hata mpaka ukiwekwa pale unapostahili, mtu huyu amenyang'anywa kitu alichodaiwa na jamii yake, na atawarithisha wanawe kinyongo badala ya ardhi.

Wapo watakaosema baraza hili linasuluhisha tu, halihukumu, basi hofu ya nini? Mimi naona usuluhishi unahitaji uangalifu zaidi. Hukumu hukatiwa rufaa. Neno la mzee, “Mwachie mwenzako, ninyi ni ndugu,” halina rufaa. Anayelikataa huonekana mkorofi mbele ya kijiji kizima. Likitoka kwa mwenye lake jambo, huwa ni shinikizo lililovaa nguo za busara.

Na wapo wanaouliza: tukitoka wote wenye undugu, nani atabaki? Si wote wenye undugu ulio sawa. Ukoo wa mbali si sawa na mkwe, wala jirani si sawa na mdai wako. Tena sheria imeacha nafasi: akidi ya baraza ni wajumbe wanne, wakiwamo wanawake wawili. Basi wewe uliyeidhinishwa na mkutano wa kijiji, ukisikia shauri la mkweo linaitwa, litaje hilo mbele ya wote, liandikwe kwenye muhtasari, kisha utoke. Kikao kitaendelea bila wewe.