Amani ya Waliofunga Midomo

Kundi la watawa wa Kibudha, huko Kosala kaskazini mwa India, liliwahi kumaliza miezi 3 ya mvua bila kusemezana. Walikubaliana hivyo ili wasigombane. Aliyetangulia kurudi kutoka kuomba chakula alitandika mahali pa kukaa. Aliyekuta mtungi mtupu aliujaza, na ukimlemea alimwita mwenzake kwa ishara ya mkono. Mvua zilipokatika walikwenda kwa Buddha kumsimulia jinsi walivyoishi kwa raha. Aliwakemea kwamba wameishi kama mifugo.

Kisa hiki nakipenda kuliko mengi anayonukuliwa Buddha, maana wengi humdhani mwalimu wa kunyamaza. Papo hapo aliwawekea watawa desturi iitwayo Pavarana: mafungo ya mvua yakiisha, kila mmoja huchutama mbele ya wenzake, mikono imeunganishwa, akawaomba wamwambie kosa lolote waliloliona, walilolisikia au wanalomshuku nalo. Anaomba mara 3. Na anayeanza ni mzee wao, si kijana.

Sisi mzigo tunamtwika msemaji: awe jasiri, achague maneno. Pavarana inamtwika kwanza anayepaswa kuambiwa. Tazama kikao cha kikoba. Mweka hazina anasoma mahesabu mbiombio, anafunga daftari, ndipo anauliza kama kuna swali. Nani atauliza? Funika kombe mwanaharamu apite. Mahesabu yenyewe yatafanywa njiani, wawili wawili, na huko ndiko kunakozaliwa fitina, ambayo Buddha aliihesabu kuwa kauli mbovu sawa na uongo.

Anayesema naye Buddha alimwekea masharti yake: kauli iwe ya kweli, ya upole, yenye faida, itoke kwenye moyo mwema, na ije kwa wakati wake. Hilo la wakati ndilo maficho ya waoga (siku ya kufaa haifiki kamwe). Lakini mwanamfalme Abhaya alipomuuliza kama angeweza kutamka neno la kuudhi, Buddha alimwonyesha kitoto kichanga kilichokuwa mapajani mwa Abhaya mwenyewe. Kikitia kokoto mdomoni, je? Abhaya akajibu kwamba angelitoa kwa kidole hata damu ikitoka, kwa kuwa anakihurumia.

Kuna mtawala asiyemwomba yeyote amkosoe. Septemba 2007, baada ya wanajeshi wa Burma kuwapiga watawa mjini Pakokku, watawa walifudikiza bakuli zao: wakakataa sadaka za wanajeshi na jamaa zao, na hivyo kuwanyima thawabu ya kutoa. Waliandamana Yangon wakisoma sala ya kuwatakia heri viumbe wote, waliowapiga wakiwemo. Mwisho wa mwezi jeshi lilivamia nyumba zao usiku na kuwakamata. Sioni sharti la kauli walilolivunja, wala sioni kwamba kunyamaza kungewafaa zaidi.