Umri wa Sadaka

Mfuko wa hisani wa familia, yaani mali ambayo watu wa nasaba moja wameitenga kwa hiari yao na kuikabidhi kwa wadhamini ili iwafae watu wasio wa nasaba hiyo, hubeba ndani yake mgongano ambao aghalabu haujadiliwi: chimbuko lake ni la faragha ilhali matunda yake yanatarajiwa kuwa ya umma, na mwanzilishi wake hufa ilhali matakwa yake, yakiwa yameandikwa katika hati, huendelea kuwaamuru walio hai. Kwa sababu hiyo, anayeuliza kama mfuko fulani umeacha athari ya kudumu katika jamii hana budi kubainisha kwanza ni kitu gani kinachotazamiwa kudumu, kwani kudumu kwa mfuko ni jambo moja na kudumu kwa athari zake ni jambo jingine, na huenda la kwanza likawa kikwazo cha la pili.

Sheria ya Kiislamu kuhusu wakfu, ambayo wenyeji wa Lamu, Mombasa na Unguja wameishi nayo kwa karne nyingi, huyafunga mambo hayo mawili pamoja. Mali ikishawekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi hiba. Asili yake huzuiliwa na mapato yake ndiyo yanayotumika, na kwa hiyo huhesabiwa kuwa sadaka jariya, yaani sadaka ambayo thawabu zake huendelea kumfikia mtoaji akiwa kaburini.

Msimamo ulio kinyume ni ule wa Julius Rosenwald, mfanyabiashara wa Chicago aliyetajirika kwa kampuni ya Sears, Roebuck, na ambaye pamoja na familia yake alianzisha mfuko wenye jina lake mwaka 1917. Rosenwald aliagiza kwamba mtaji wote, pamoja na faida yake, uwe umekwisha kutumika ndani ya miaka 25 baada ya kifo chake, kwa kuwa aliamini kwamba kila kizazi huijua shida yake kuliko kizazi kilichotangulia. Alifariki mwaka 1932, na mfuko ukafungwa mwaka 1948, kabla hata ya muda huo kutimia.

Kazi yake kubwa, iliyochipuka kutokana na ushirikiano wa Rosenwald na Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha Tuskegee, ilikuwa kusaidia ujenzi wa shule takribani 5,000 za watoto weusi katika majimbo 15 ya kusini mwa Marekani, ambako serikali za majimbo ziliwatoza watu weusi kodi na kuzitumia zaidi kwa watoto wa wazungu. Msaada ulitolewa kwa sharti kwamba wanakijiji nao wachange fedha, ardhi, mbao au nguvu zao, na kwamba jengo liandikishwe kuwa mali ya mamlaka ya elimu ya umma, ambayo ingewajibika kuliendesha. Kufikia mwaka 1932 gharama zote zilikuwa zimepita dola milioni 28. Kati ya hizo, Rosenwald na mfuko wake walitoa takribani milioni 4.4, watu weusi wenyewe takribani milioni 4.7, na sehemu kubwa iliyosalia ikatoka katika kodi. Hesabu hii inatia shaka juu ya jina lenyewe la shule hizo, yaani shule za Rosenwald, kwa sababu waliotoa zaidi ya tajiri ni wakulima waliokuwa wamekwisha kutozwa kodi kwa ajili ya huduma hiyohiyo, na hivyo walilipa mara mbili. Lakini hesabu hiyohiyo inaeleza pia kwa nini mfuko uliweza kufa bila kazi yake kufa nao: mzigo ulikuwa umekwisha kuhamishiwa mabegani mwa hazina ya umma, iliyokuwa na wajibu wa kuubeba tangu mwanzo.

Wapo wanaoukosoa mfuko huo kwa kujenga ndani ya mipaka ya ubaguzi badala ya kuubomoa, na ukosoaji wao una uzito. Hata hivyo, baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuamua mwaka 1954 kwamba kuwatenga wanafunzi kwa rangi ni kinyume cha katiba, nyingi za shule hizo hatimaye zilifungwa, na kufungwa huko, ingawa kuliwaumiza walimu na vijiji vilivyozijenga, hakuwezi kuitwa kushindwa. Hapa ndipo hoja ya Rosenwald inapopata nguvu na pia mpaka wake. Hitaji lililozaliwa na dhuluma linastahili mfuko unaokusudia kwisha, kwa kuwa mfuko wa milele hujenga maslahi yake juu ya kuendelea kwa dhuluma hiyo. Lakini hitaji linalotokana na ubinadamu wenyewe, kama vile maji, ibada na maziko, halina siku ya kumalizika, na kwa hilo mwenye wakfu ana haki ya kufikiria milele.

Mpaka kati ya mahitaji hayo si wazi kila mara. Elimu yenyewe ipo pande zote mbili, kwa maana kila mtoto huzaliwa bila kujua kusoma, ila si kila mtoto hunyimwa shule, na wadhamini wanaoandika hati huwa hawajui ni upande upi wa hitaji hilo utakaosalia baada yao.