Sheria Hukoma Mpakani, Wajibu Je?

Wahenga walinena: msafiri kafiri. Sisi walimu tumekuwa tukiwaeleza wanafunzi wetu kwamba safari humtoa mtu katika mazoea ya kwao, hata akathubutu ugenini asiyoyathubutu nyumbani. Lakini ndani ya maneno hayo mawili limo swali zito ambalo hatuna budi kulichungua. Je, wajibu wa mtu hutokana na sheria ya mahali alipo, hata akivuka mpaka wajibu ukabaki nyuma? Au ni mzigo anaosafiri nao popote aendapo?

Mfano wetu tutautwaa Marekani. Huko kuna desturi ambayo kwetu bado ni ngeni. Mume na mke hufunga hema, mifuko ya kulalia, jiko dogo na sufuria moja juu ya pikipiki yao, wakaenda majuma mawili au matatu wakivuka jimbo baada ya jimbo. Hawaendi biashara wala hawaendi msibani. Wanakwenda kuiona nchi. Tuwawaze basi wawili kama hao, waliotoka California. Wanavuka milima ya Sierra Nevada, wanaingia jimbo la Nevada kwa barabara namba 50, ambayo jarida la Life liliipa mwaka 1986 sifa ya kuwa barabara yenye upweke kuliko zote katika nchi ile. Kisha wanapita Utah na kuingia Wyoming, penye hifadhi ya Yellowstone iliyotengwa mwaka 1872. Kutoka huko wanashika njia ya South Dakota, penye magenge yaliyochongwa na mvua na upepo, na mwisho wanafika Iowa, nchi ya mashamba ya mahindi. Jioni mmoja husimamisha hema na mwingine huwasha jiko. Kwa kuwa pikipiki haibebi mengi, kila kitu hupimwa kabla ya kufungwa, na kisicho na kazi huachwa nyumbani.

Kimoja kati ya vitu walivyo navyo ni kofia ngumu ya kukingia kichwa, na hapo ndipo penye kisa chetu. Tangu mwaka 1992 sheria ya California humtaka kila apandaye pikipiki, awe dereva au abiria, avae kofia hiyo. Nevada nako ni vivyo hivyo. Lakini Utah huwalazimisha wale tu ambao hawajatimiza miaka 21, na Wyoming na South Dakota huwalazimisha walio chini ya miaka 18. Iowa haimlazimishi mtu yeyote. Tofauti hii ina historia yake. Mwaka 1966 Bunge la Marekani liliipa serikali kuu uwezo wa kuyanyima fedha za barabara majimbo yasiyoweka sheria ya kofia, na kufikia mwaka 1975 majimbo 47 yalikuwa yameiweka. Mwaka 1976 Bunge hilohilo likauondoa uwezo huo, na majimbo mengi yakaanza kuzifuta au kuzilegeza sheria zao.

Sasa wawili wetu wamefika mpaka wa Utah. Mpaka wenyewe ni kibao tu kando ya lami. Mchanga wa upande huu na wa upande ule ni mmoja. Mume anasimamisha pikipiki, anaivua kofia yake, anaifunga juu ya mizigo. Mke haivui yake. Anamtazama mumewe, wala hasemi neno.

Tusiharakishe kumhukumu mume huyu, maana ana hoja, na hoja yake ni kongwe. Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake kuhusu uhuru kilichotoka mwaka 1859, alishikilia kwamba jamii ina haki ya kumlazimisha mtu kwa ajili ya kuwakinga wengine tu, si kwa faida yake yeye mwenyewe. Mume atasema: kichwa ni changu, nikianguka nitavunjika mimi, na upepo usoni ndio ulionitoa nyumbani.

Mahakama moja ya serikali kuu huko Massachusetts iliwahi kuijibu hoja hiyo mwaka 1972. Ilisema, kwa muhtasari, kwamba aangukaye haanguki peke yake: jamii ndiyo itakayomwokota barabarani, itakayompeleka hospitali, na itakayobeba mzigo wa familia yake endapo hatapona. Jawabu hilo lina uzito, lakini halitutoshelezi. Tukilifuata hadi mwisho wake, litamkataza mtu kupanda mlima, kuogelea baharini na hata kula mafuta mengi, maana yote hayo yaweza kuiletea jamii gharama. Tena humpima mtu kwa hesabu ya matibabu yake, na utu ni zaidi ya hesabu.

Jawabu lililo bora halitoki mahakamani. Limeketi nyuma ya mume huyu, shubiri moja kutoka mgongoni pake. Wale “wengine” ambao Mill alitaka wakingwe hawako mbali mjini. Mmoja wao amemshika kiunoni. Ajuaye pikipiki anajua kwamba abiria wa nyuma si mzigo. Penye kona hana budi kuinama pamoja na dereva. Akiinama upande mwingine, humvuruga dereva na kuwatia hatarini wote wawili. Breki ikishikwa ghafla, uzito wake humsukuma aliye mbele. Kwa hiyo ni miili miwili yenye mwendo mmoja. Jiwe dogo lililorushwa na gari, au mdudu, likimpiga usoni dereva asiye na kinga, si yeye peke yake atakayeyumba. Tena idara ya usalama barabarani ya Marekani inakadiria kwamba kofia hiyo hupunguza hatari ya kufa katika ajali kwa asilimia 37 kwa dereva, na asilimia 41 kwa abiria. Aliye nyuma, asiyeshika usukani wala breki, ndiye ainufaikaye zaidi.

Yamkini msomaji atauliza: ikiwa ndivyo, kwa nini wasisafiri kwa motokaa? Wamekwisha kuichagua hatari; ya nini kubishana juu ya kofia? Swali hili ni la haki. Twajibu kwamba hatari ya pikipiki waliichagua pamoja, wakiwa nyumbani, mezani, kila mmoja akiwa huru kusema hapana. Kofia ilivuliwa na mmoja, njiani, baada ya kusoma kibao. Ubaya wa tendo lile hauko katika upepo alioutamani, kwani furaha ile ni ya kweli. Uko katika kudhani kwamba ruhusa ya jimbo imekuwa pia ruhusa ya mwenzake.

Wala mke naye hana udhuru wote. Amenyamaza. Mara nyingi katika jamii zetu kimya cha mke husomwa kuwa ni ridhaa, na huenda Utah nako husomwa hivyo. Aliyemkabidhi mwenzake uhai wake ana haki ya kusema, na twathubutu kuongeza kwamba ana wajibu wa kusema: “Bwana, hapo hatukukubaliana.” Imani isiyoweza kutamka neno hilo imekaribia kuwa woga.

Twayaandika haya tukiwa Uganda, ambako bodaboda, kwa jina lililozaliwa mpakani petu na Kenya, ilianza kwa baiskeli katika miaka ya 1960 na sasa ndiyo inayotupeleka kazini. Sheria yetu humtaka dereva na abiria wote wavae kofia ngumu. Hata hivyo, ni mara ngapi sisi walimu tumepanda vichwa wazi, tena wawili nyuma ya dereva mmoja, kwa sababu kengele ilikuwa karibu kulia na askari hakuwapo njiani? Wanafunzi wetu walituona tukishuka langoni. Siku ile tuliwafundisha somo ambalo halimo katika muhtasari wowote: kwamba askari asipokuwapo, wajibu nao haupo. Twakiri kosa hilo, na twaona haya kulikiri.

Wahenga walinena pia kwamba hiari yashinda utumwa. Methali hii huweza kumtetea aliyevua kofia, lakini sisi twaisoma vinginevyo. Aliyeivaa California kwa kumwogopa askari alikuwa mtumwa wa sheria. Kuivua kwake Utah hakukumfanya kuwa huru, bali kulionyesha tu kwamba bwana wake amebaki nyuma. Angekuwa huru kwa hakika kama angevuka mpaka ule, akasoma kibao, akageuka kumwuliza aliye nyuma yake, kisha akaikaza kofia yake kwa sababu ya jawabu alilopewa.