Nasaha kwa Anayekwenda Kupunguzwa Tumbo

Wanangu, siku hizi hata hapa nchini mtu aliyezidiwa na uzito anawekewa puto tumboni au anapunguzwa tumbo kwa upasuaji. Siwakatazi. Kisukari na presha vimetuzikia wengi, na kwa anayestahili hiyo ni tiba. Ninalowaonya halimo kwenye zile picha za kabla na baada.

Mafuta ya mwili ni ghala la sumu. DDT iliyopuliziwa mbu na mashamba ya pamba, PCB za mafuta ya transfoma, dioksini za moshi wa taka: haziyeyuki kwenye maji, figo zinashindwa kuzitoa, basi hukaa humo miaka mingi. Mkataba wa Stockholm wa 2001 ulizibana, lakini hauwezi kuzitoa kwa waliokwisha kuzila. Pale Vikuge, Kibaha, udongo ulikutwa na DDT miaka mingi baada ya shehena ya dawa kutelekezwa.

Ukipungua kilo nyingi kwa miezi michache, mafuta yanaisha, sumu inarudi kwenye damu. Watafiti waliowapima waliofanyiwa upasuaji huu waliona kiwango chake kikipanda kadiri uzito ulivyoshuka. Msiikimbie tiba kwa hilo, bali jipangeni.

Nyinyi mabinti ndio mnaonitia wasiwasi zaidi. Madaktari hushauri kusubiri mwaka mmoja hadi mmoja na nusu kabla ya kubeba mimba, hasa kwa ajili ya lishe. Nami naongeza: sumu hizi humfikia mtoto tumboni, tena hutoka na maziwa ya mama. Uzito ukishuka mimba hushika upesi, na vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe vizuri kama zamani. Zungumzeni njia nyingine na daktari mapema.

Chai za "kutoa sumu" ziacheni kabisa. Sanamaki inaharisha tu, na aliyepunguzwa tumbo hukaukiwa maji haraka. Sumu hizi hutoka polepole, kwa nyongo na choo; kuleni mboga na kunde kwa kiasi mlichoruhusiwa. Msiongeze nyingine: msichome plastiki uani, msiteke maji kwa madebe ya dawa za shamba.

Na kabla ya kusaini fomu, mwelezeni daktari mliishi wapi na mlifanya kazi gani, iwe shamba la pamba, karakana ya umeme au dampo. Asipouliza, semeni wenyewe.