Deni la Jembe

Dawa ya deni kulipa, walisema wahenga. Babu yangu, aliyelima pamba Magu mpaka mgongo ukapinda, aliikubali methali hiyo kwa deni la dukani tu. Deni la jembe, alisema, ukilimaliza lote umejihamisha mwenyewe kijijini.

Kulimiana kulikuwa hivi. Alfajiri watu wanajipanga shambani, kila mmoja na ngwe yake, ngoma inapigwa, majembe yanapanda na kushuka pamoja. Ndiyo ngoma ya bugobogobo ambayo leo mgeni huiona jukwaani, wachezaji wakirusha majembe juu kana kwamba hayajawahi kugusa udongo. Mwenye shamba alitoa chakula na pombe, si ujira. Jioni alibaki na hesabu kichwani: watu ishirini wanaomdai siku moja moja, yaani watu ishirini wasiotaka augue kabla hajawalipa.

Likaja plau la ng'ombe, likaja trekta, na baada ya kampeni ya serikali ya Kilimo Kwanza ya 2009 zikaongezeka pawatila. Sasa unapiga simu, dereva anakuja, eka inaisha kabla jua halijawa kali. Unalipa, mmeachana.

Sitaki kulisingizia trekta. Mjane asiye na nafaka ya kupikia pombe alilimiwa mwisho, mvua zikiwa zimekwenda nusu. Leo akiuza mbuzi wawili analimiwa mapema kama tajiri. Na wanawake walilima, kisha wakawahi jikoni kuwapikia waliolima nao. Bibi sijamsikia hata siku moja akizililia enzi hizo.

Ila watu hawaishi bila kudaiana. Deni limehamia kwenye vikoba, vile vikundi vya kukopeshana, limeandikwa daftarini pamoja na riba, na ukichelewa wanakuja kubeba godoro. Babu hakuwahi kubebewa godoro kwa ajili ya ngwe.

Makaburini trekta halijafika. Mwaka jana tulizika jirani. Ardhi ilikuwa kavu, vijana wanne tu ndio walioshika sururu, wengine wamekaa chini ya turubai na simu zao. Mzee wa miaka sabini na kitu akainuka, akavua koti, akaomba jembe. Tukamzuia. Akasema marehemu alimlimia ngwe mbili mwaka ule wa mvua za Elinino, naye alikuwa bado hajarudisha.