Safari ya watoto kwa fedha ya riba?

Mzazi, mkulima wa tumbaku hapa Urambo, amewaahidi wanawe kuwapeleka Dubai kwenye bustani ya michezo ya Legoland, iliyofunguliwa mwaka 2016. Fedha hana. Anataka kukopa kwa riba, alipe baada ya mauzo. Je, yafaa?

Kuifurahisha familia si upuuzi. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha, akamwacha pia atazame Wahabeshi wakicheza na mikuki msikitini. Lakini Suratul Furqan, aya ya 67, inawasifu wanaotoa bila israfu wala ubakhili. Na riba ni haramu; furaha ya siku tatu haiihalalishi.

Ahadi je? Abu Daud amepokea kwamba mama mmoja alimwita mwanawe ili ampe kitu. Mtume akamuuliza ni kitu gani. Akajibu: tende. Akaambiwa kuwa asingempa chochote, angeandikiwa uongo. Basi mzazi asinyamaze akitumaini watoto watasahau. Awaeleze ukweli, kisha awape safari anayoimudu.

Tabora ni kilomita zipatazo 90 tu. Kule Kwihara lipo tembe la kumbukumbu mahali walipokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, kwenye njia ya misafara waliyoikanyaga wapagazi wa Kinyamwezi hadi Bagamoyo. Wafunge chakula chao, warudi jioni.

Mtoto aliyepelekwa Kwihara hakupunjwa. Aliyepunjwa ni yule ambaye ada yake ya shule imekwenda kulipa riba.