Alichokiacha Mchoraji



Mchoraji Rembrandt wa Uholanzi aliichora habari ya Mwana Mpotevu (Luka 15) zaidi ya mara moja. Mwaka 1636 alitoa picha ndogo iliyochapwa kwa bamba la shaba, nayo imejaa mambo: mwanamke afungua dirisha, watumishi washuka ngazi na nguo na viatu, na nyuma yao nchi ya mbali yaonekana. Ni kazi safi; mwalimu yeyote angeipa alama nyingi.

Uzeeni, karibu na kufa kwake mwaka 1669, akaichora tena kwa rangi, kubwa kupita kimo cha mtu. Safari hii watumishi wenye nguo hawapo, nchi ya mbali haipo, wala pete, wala ndama. Watu wachache wamo gizani. Nuru yamwangukia mzee na mikono yake miwili juu ya mgongo wa kijana, ambaye kiatu kimoja kimemvuka.

Someni tena mstari wa 19 na wa 21. Njiani kijana alitunga maneno, na la mwisho lilikuwa kuomba kazi ya mtumishi. Mbele ya baba hakulifikia.

Sasa binti arudi nyumbani na mtoto mgongoni. Sisi wazazi (na wazee wa kanisa pia) twataka picha ijae: alikuwa wapi, na nani, fedha zilikwendaje, majirani watasemaje. Hata nauli ya mwaka ule twaikumbuka. Naye bado yuko mlangoni, mzigo hajautua.